Mtu wa Kati Hajikuni

Jumanne, 26 Agosti

Magoti ya Mzee Ahmada yamegoma. Jana mazoezini kapiga magoti vizuri, kuinuka kashindwa, ikabidi anyanyuliwe pamoja na mkeka wake. Masikini. Mungu amponye. Lakini nafasi iko wazi!

Na si nafasi ya hivi hivi. Ni ya kati. Kwenye maulidi ya homu, sisi wanaume wa Mtambile tunapiga magoti safu moja, bega kwa bega, kanzu nyeupe, kofia za mkono, tunayumba polepole huku matari yakilia mbele yetu na kasida ikipanda. Mtu wa kati ndiye anayefuatwa. Akiinama, safu nzima inainama. Akinyoosha mkono, mikono yote inanyooka. Nimemtazama Mzee Ahmada tangu sijaota ndevu, na kila mara nywele zimenisimama. Watu wengi namna ile, pumzi moja! Subhanallah.

Naitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kuliko cherehani ya umeme. Kuliko, Mungu anisamehe, nilivyomtaka mke wangu Khairiya, na Khairiya nilimposa mpaka babake akachoka kunikatalia.

Shehe Abrahman, kiongozi wetu, kasema atachagua baina ya watu wawili: mimi, Khatib fundi wa nguo, na Jecha, fundi baiskeli. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda kusoma Chake Chake, mbele ya watu wa kisiwa kizima.

Tatizo ni dogo tu. Nawashwa.


Jumatano, 27 Agosti

Nieleze sawasawa, maana humu hakuna wa kumwonea haya. Nawashwa ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni pale kola ya kanzu inapokaa. Nawashwa tangu utotoni. Huja, huondoka, hurudi na wenzake. Muwasho huu si wa kuchezea, yakhe. Mie nimeona bahari imechafuka. Nimeona dume la ng'ombe likikata kamba uwanjani, watu wazima wakapanda minazi. Lakini sijaona nguvu kubwa namna hii ikikaa mahali padogo kuliko kisosi. Inanishangaza kweli. Nikilala, inaamka. Nikipata mgeni wa heshima, inataka na yeye aijue.

Na sheria ya kwanza ya Shehe Abrahman ni kwamba kwenye safu hakuna kujikuna. Inzi akikutua puani, mwache amalize shughuli zake.

Leo nimejikuna kwa akili. Nimetengeneza kofia, kumbe nakuna shingo. Nimekohoa nikakumbatia kifua, kumbe nakuna viwiko. Nimejisogeza kwenye mkeka kama mtu anayempa mwenzake nafasi, kumbe nakuna magoti. Nilidhani hakuna aliyeona. Shehe Abrahman kanisubiri mlangoni, kaniuliza kwa upole kama nilikalia siafu. Kasema sauti yangu nzuri, kuyumba kwangu kuzuri, ila mtu wa kati hajikuni. Kanipa mpaka Alhamisi ijayo, mazoezi ya mwisho. Nikijikuna tena, nafasi ni ya Jecha.

Jecha! Mtu anapiga magoti kama baiskeli iliyofungwa breki. Ngozi yake haina hata alama ya mbu. Na tulipotoka kanifuata na tabasamu lake, kanipa kichupa cha mafuta ya nazi, eti mamake kayapika mwenyewe, eti huenda yakanifaa. Huyu mtu ni wa hatari.


Alhamisi, 28 Agosti

Khairiya kanipeleka kituo cha afya. Kanipeleka, ndilo neno lenyewe. Kachukua ufunguo wa duka langu, kasema ataurudisha mbele ya daktari.

Daktari Consolatha ni mtu wa Bukoba. Mpole, lakini akikutazama unakumbuka mambo uliyoyasahau. Kaangalia viwiko, kaangalia shingo, kaniuliza kama utotoni nilikuwa nabanwa na kifua. Nilikuwa nabanwa! Nani kamwambia? Kasema hii ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, si uchafu, na si husuda ya mtu. Hapo nikalifuta jina la Jecha kichwani, kwa shingo upande.

Nikauliza nitapona lini. Kasema haiponi moja kwa moja, inatulizwa. Mtu anaishi nayo na anaitunza. Nioge maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni isiyo na harufu. Nikitoka tu kuoga, mwili bado una unyevu, nijipake mafuta mazito, kila siku, hata siku nisiyowashwa. Hasa siku nisiyowashwa. Dawa ya tyubu nipake kidogo, pale palipovimba tu, kwa siku alizoniambia. Nikate kucha. Nivae pamba. Nijiepushe na vumbi la karafuu, marashi, jasho, na kitu chochote cha kukwaruza.

Nikamuuliza kama naweza kuipaka tyubu nzima leo hii ili mambo yaishe kabla ya maulidi. Kanitazama. Kamtazama Khairiya. Kampa Khairiya pole.

Lakini nimetoka pale nimeduwaa. Kasema ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote alivyonavyo mtu, na yangu inashindwa kushika maji yake, ndiyo maana inakauka na kulalamika. Mie nashika vitambaa kutwa nzima. Naijua pamba, naijua hariri. Sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba nimevaa kitambaa ambacho sikushona na siwezi kukivua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nautazama mkono wangu. Nimejikwaa.


Ijumaa, 29 Agosti

Kidogo kidogo, kila siku, kwa subira. Nani ana muda huo? Maulidi ni wiki ijayo!

Nimefikiri hivi. Karafuu inatuliza jino. Jino ni gumu, ngozi ni laini. Sasa karafuu iliyolishinda jino, ngozi itaiambia nini? Na sisi ni watu wa Pemba! Kisiwa kizima kinanukia karafuu, halafu tukahangaike na tyubu ya ng'ambo! Daktari kakataza vumbi la karafuu. Mafuta hakuyataja. Basi nilipotoka msikitini nikachukua kichupa cha mafuta ya karafuu cha Khairiya, nikajipaka viwiko, magoti na shingo, bila ubahili.

Allahu akbar.

Sijui niandike nini. Kwanza ilikuja baridi. Nikacheka, nikasema si niliwaambia. Halafu likaja joto. Halafu nikamwona marehemu bibi yangu, amesimama mlangoni, anatikisa kichwa. Nikatoka nje mbio na kikoi tu, nikaingia kwenye pipa la maji ya mvua, kichwa kikatangulia. Majirani wakaja. Jecha akaja! Ndiye aliyenitoa, kwa mkono mmoja, akanifunika kanga ya Khairiya, akawaambia watu watawanyike waniache nipumzike. Ona ujanja wake. Anataka aonekane mwema.

Khairiya hakunigombeza. Kakiokota kichupa, kakipindua kuona kilichobaki, kakitupa.


Jumatatu, 1 Septemba

Siku hizi dawa anayo Khairiya. Asubuhi na jioni ananisubiri nje ya choo na mafuta mkononi, nikitoka tu ananipaka. Kanikata kucha mwenyewe, fupi kabisa, siwezi hata kuokota sindano. Jana nimemuuliza hachoki. Kasema kabla hatujaoana mamangu alimwambia kwamba mwanawe anajikuna usingizini mpaka anatoka damu. Basi tangu tulipooana yeye hulala ameishika mikono yangu.

Ni kweli hulala ameishika. Miaka yote hii mie nilidhani ni mahaba. Nikamwambia hivyo. Kaniuliza, kwani si mahaba? Nimetoka nje nikajifanya natazama mawingu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Na jamani, dawa inafanya kazi! Nimelala mpaka adhana. Viwiko vimetulia, wekundu umeondoka, pale palipokuwa pamepasuka pamejifunga penyewe, hakuna aliyepashona. Nani kapafunga? Kwa uzi gani? Nimekaa dukani nakitazama kiwiko changu kwa muda, mpaka mteja kaniuliza kama ni kipya.

Basi nimepona. Dawa ya nini tena? Nimemwambia Khairiya kuanzia leo nitajipaka mwenyewe, mimi ni mtu mzima. Kaniamini, masikini.


Jumatano, 3 Septemba

Sijapona.


Jumatano hiyo hiyo, baada ya chai ya jioni

Mazoezi ya mwisho ni kesho. Viwiko vinawaka, shingo inawaka, na kumwambia Khairiya kwamba sikujipaka siwezi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nimekata tamaa kabisa, ndipo akili ikanishukia.

Nani kasema lazima mkono ndio ukune? Kwenye homu tunakunja viwiko, tunanyoosha. Tunainama, tunainuka. Shingo huku, shingo kule. Kila panaponiwasha panakwenda na kurudi! Kinachokosekana ni kitu cha kupakwaruza tu.

Nimechukua gunia kuukuu la karafuu, nimekata vipande, nimevishonea ndani ya kanzu yangu: viwikoni, nyuma ya magoti, ndani ya kola. Kwa nje huoni hata uzi. Kazi safi, nasema mwenyewe maana hakuna wa kunisifu. Nimeivaa, nimeyumba mara moja. Ya Rabi! Sultani hakuwa na raha hii. Nimeyumba peke yangu dukani mpaka machozi yamenitoka.

Najua Daktari Consolatha kakataza kitu cha kukwaruza. Lakini yeye alikuwa anawazungumzia watu wasiojua kushona.


Alhamisi, 4 Septemba

Nimeipata! Nafasi ya kati ni yangu!

Nimeyumba kasida zote na mikono yangu haikugusa mwili wangu hata kidogo. Shehe Abrahman kahama mahali pake, kaja kupiga magoti mbele yangu, kanitazama vidole. Havikwenda popote. Mwisho kanishika kichwa na kuniombea dua, na mie nikahisi nimekuwa mrefu.

Jecha naye kaja kunipongeza. Alipokuwa ananikumbatia kaniminya kiwiko, kashtuka, kauliza mbona kanzu inakwaruza. Nikamwambia ni wanga wa kupigia pasi. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi muwasho ukinizidi nimguse bega tu, atashika yeye nafasi ya kati na mimi nijitokee taratibu, hakuna atakayejua.

Nani anamsaidia mtu namna hiyo bila sababu? Sitamgusa bega hata nikizimia.


Jumamosi, 6 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunjiki.

Chake Chake! Watu mpaka huoni kuta. Mabusati, udi, wanawake upande wao, Khairiya kakaa mbele kabisa na kanga mpya. Mie katikati ya safu, Jecha kuliani kwangu. Kanzu nilikuwa nimeivaa tangu asubuhi ili niizoee, na jasho la safari lilikuwa limeshaanza kazi. Kiwiko kimoja kilikuwa kinatoa maji na kushikana na gunia. Lakini nilitulia. Nilitulia vizuri kabisa, mpaka akaja mtu wa marashi.

Niliyasahau marashi! Maulidi gani hayana marashi? Mzee wa watu na mrashi wake wa fedha anapita nyuma ya safu, anatunyunyizia mmoja mmoja kwa mapenzi. Alipojua kwamba mie ndiye mtu wa kati, kanipendelea. Kanimwagia shingoni. Kanimwagia mikononi. Marashi yakaingia ndani ya kola, yakakuta gunia, gunia likatoa karafuu yake yote, na vyote kwa pamoja vikanikuta mimi nimechubuka.

Matari yalikuwa bado yako polepole. Mie polepole siiwezi tena. Nikayumba kulia kwa nguvu ili kola inikwaruze. Safu nzima ikaenda kulia kwa nguvu! Nikarudi kushoto. Wakarudi. Nikakunja viwiko haraka, nikanyoosha, nikakunja, na mikono yote ikapanda na kushuka pamoja na yangu. Nikainama mpaka paji la uso likagusa busati, nikazungusha shingo, na wao, wallahi, wakainama na kuzungusha shingo! Nikawaza moyoni, jamani, msinifuate, mie naungua! Wapiga matari wakatazamana, wakaongeza mwendo. Shehe Abrahman akafumba macho, sauti yake ikapanda mahali ambapo sijawahi kuisikia.

Hapo nikashindwa. Nikasema potelea mbali nafasi, namgusa Jecha bega. Lakini bega lake lilikuwa limeshaungana na langu, na la mwenzake limeungana na lake, mpaka mwisho wa safu, na sikujua tena lipi ni lipi. Halafu kikatokea kitu ambacho sijui kama nitakieleza vizuri. Muwasho uliondoka. Haukupungua, uliondoka. Sikuwa na kiwiko, sikuwa na shingo. Ilikuwapo pumzi moja kubwa inaingia na kutoka, na mie nilikuwa ndani yake pamoja na watu wote wale. Niliogopa. Nilifurahi mno. Nililia wazi wazi na sikuona haya.

Tulipomaliza wapiga matari wakayaweka matari chini. Kisha vigelegele! Wazee wakaja kutushika mikono. Mzee mmoja wa Fundo kamwambia Shehe Abrahman kwamba tangu azaliwe hajaona homu ya moto namna ile, akatualika kisiwani kwao mwisho wa mwezi. Kila mtu alikuwa ananitazama usoni. Jecha peke yake alikuwa anakitazama kiwiko changu, maana kanzu ilikuwa imeingia doa jekundu.


Jumapili, 7 Septemba

Kanzu haikuvulika. Khairiya kamwita Jecha, ndiyo, Jecha, na wawili hao wakairowesha kwa maji ya vuguvugu pande pande mpaka ikaachia ngozi. Sikupiga kelele. Majirani wanasema nilipiga.

Daktari Consolatha alikuwa zamu, katoka kanisani moja kwa moja na gauni lake la kitenge. Khairiya kamwekea kipande cha gunia mezani. Kakitazama sana. Kakinusa. Kaniuliza kama hii ni karafuu. Nikamwambia ndiyo, ya daraja la kwanza.

Kasema vidonda vimeingia wadudu, kanipa vidonge. Kasema kwa siku moja nimeiumiza ngozi yangu kiasi ambacho wengine huchukua mwaka mzima. Nikamshukuru. Khairiya kanifinya, kumbe sikuwa nasifiwa. Maagizo yote kayarudia toka mwanzo: mafuta, maji ya vuguvugu, pamba, kila siku, hata nisipowashwa. Ila safari hii hakuniambia mimi. Kageuza kiti, kamwambia Khairiya.


Ijumaa, 19 Septemba

Niandike leo, maana sijui kama nitaamini kesho.

Nimefanya yote. Kila siku, kila alichosema, bila kuongeza wala kupunguza, maana Khairiya yuko juu yangu tangu jua linapochomoza. Vidonda vimekauka, magamba yameondoka, na chini yake kuna ngozi. Ngozi yangu! Ilikuwa humo siku zote! Leo nimekaa uani asubuhi, upepo ukanipita mkononi, nikausikia upepo tu. Hakuna kingine. Sikujua kama upepo ukikupita unakuwa hivyo. Watu wengine wote wanausikia hivi kila siku na wanakwenda zao sokoni, hawasemi kitu!

Nimemwambia Khairiya. Kasema yeye anafurahi kulala mikono yake iko huru. Halafu jioni, alipodhani nimesinzia kibarazani, kaja kaushika mkono wangu hivyo hivyo.


Jumatano, 24 Septemba

Mazoezi ya safari ya Fundo. Nimekaa katikati, kanzu ya pamba laini, mwili wote umetulia, nimejipaka mafuta yangu. Matari yakaanza. Nikayumba.

Hakuna kitu. Nimeyumba kama mtu anayesubiri chai. Safu yote ikasubiri chai pamoja nami.

Shehe Abrahman kasimamisha matari. Kaniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima namna hii. Kasema anashukuru Mungu kwa hilo, lakini watu wa Fundo wamealika moto ule wa Chake Chake, na moto hauoni. Kasema atanitazama tena Ijumaa. Nikiwa bado nimepoa, atamjaribu Jecha.

Jecha kainua mkono, kasema yeye hataki, nafasi ni ya Khatib, na afya ya Khatib kwanza. Mnaona anavyoitaka?


Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda Chake, kwenye mitumba. Nimepekua mafungu yote. Chini kabisa nimepata sweta la sufu, zito, la shingo ndefu, la watu wa nchi za theluji. Muuzaji kaniuliza nasafiri kwenda wapi na baridi lote hilo. Nimemwambia Fundo.

Nimerudi nalo ndani ya mfuko mweusi. Nimefunga mlango wa duka, nimelivaa, nimekaa juani penye dirisha. Jasho likaanza. Nimesubiri. Nikaanza kuvunjika moyo. Halafu, hapa shingoni, chini kidogo ya sikio la kushoto, kidogo kabisa... huyo! Anakuja! Nimesisimka mwili mzima.

Kumbe Khairiya ana ufunguo wake. Kafungua mlango, kanikuta mchana wa jua kali nimevaa sweta mpaka masikioni, natiririka, nacheka peke yangu. Kaweka kapu lake chini. Kaniuliza nani mgonjwa.

Nimemwambia hakuna mgonjwa, na hilo ndilo tatizo.